Pawabenki Inapojizima: Majibu kwa Wasomaji Wanaounda Vifaa Vidogo vya Elektroniki

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu pawabenki, yaani betri ya kubebeka yenye tundu la USB, na namna ya kuitumia kuendesha vifaa vinavyokula umeme kidogo. Barua zilizofanana tumeziunganisha kuwa moja, na zile ndefu tumezifupisha pasipo kubadili maana yake.

Swali: Ndugu Mhariri, nimeunda kifaa cha kupima unyevu wa udongo kwa kutumia maikrokontrola (chipu ndogo inayoendesha programu) na kihisi kimoja. Nikikichomeka kwenye kompyuta kinafanya kazi kutwa nzima, lakini nikikichomeka kwenye pawabenki mpya iliyojaa chaji kinawaka kwa nusu dakika hivi, kisha kinazimika. Nikibonyeza kitufe cha pawabenki kinawaka tena, na baada ya muda uleule kinazimika. Simu yangu inachajiwa na pawabenki hiyohiyo bila shida yoyote. Je, nimeuziwa bidhaa mbovu?

Jibu: Ndugu msomaji, pawabenki yako ni nzima. Inafanya kile ilichoundwa kufanya, ila haikuundwa kwa ajili ya kifaa kama chako. Ndani yake mna seli za lithiamu ambazo zikijaa huwa na volti 4.2 na zikikaribia kuisha hushuka hadi karibu volti 3, ndiyo maana kwenye maandishi hutajwa kiwango cha katikati cha volti 3.7. Kwa kuwa tundu la USB linatakiwa kutoa volti 5, kati ya seli na tundu huwekwa saketi ya kupandisha volteji, na saketi hiyo nayo hula umeme hata pasipokuwa na kitu kilichochomekwa. Ingeachwa iwake muda wote, pawabenki iliyosahaulika kabatini ingejimaliza yenyewe. Kwa hiyo watengenezaji huweka chipu ya udhibiti inayopima mkondo unaotoka: mkondo ukishuka chini ya kiwango fulani na kubaki huko kwa sekunde kadhaa, chipu huchukulia kwamba simu imejaa au imechomolewa, nayo huzima saketi nzima.

Kiwango hicho hutofautiana kati ya pawabenki moja na nyingine, lakini mara nyingi kiko kati ya miliampea 50 na 100, na muda wa kusubiri huwa kati ya sekunde kumi na dakika moja au mbili. Ni nadra kuviona vimeandikwa kwenye boksi, jambo ambalo kwa maoni yangu ni kumnyima mnunuzi habari anayoihitaji. Maikrokontrola ndogo yenye kihisi kimoja inaweza kutumia miliampea 20 tu, hivyo machoni pa chipu hiyo kifaa chako hakina tofauti na waya usiounganishwa na kitu. Tundu la USB la kompyuta halina tabia ya kupima na kukata namna hiyo, na hapo ndipo tofauti uliyoiona inapotokea.

Kabla ya kushika chuma cha kulehemu, soma kijitabu kilichokuja na pawabenki. Baadhi yake zina hali maalumu ya mkondo mdogo iliyokusudiwa kuchajia saa za mkononi na vipokea sauti vya masikioni, na hali hiyo huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia kwa sekunde chache, kisha taa ndogo hubadilika rangi kuonyesha kwamba imekubali. Ukiwa nayo, umepata ufumbuzi usiogharimu kitu, ila uache kifaa kikiwaka usiku kucha kabla ya kukiamini, kwa sababu ziko pawabenki zinazojiondoa katika hali hiyo baada ya saa chache bila kumwarifu mtu.

Ikiwa yako haina hali hiyo, njia iliyozoeleka ni kuongeza mzigo bandia, yaani rezista inayounganishwa kati ya volti 5 na upande wa hasi ili mkondo uvuke kiwango cha chipu. Rezista ya omu 47 huvuta takriban miliampea 106 na kutoa joto la nusu wati na kidogo, kwa hiyo ile ndogo ya robo wati itaungua. Tumia ya wati 1 au, afadhali zaidi, ya wati 2, na uiweke mbali na plastiki. Hata hivyo, tazama gharama yake. Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 ina wastani wa wati-saa 37 (ampea-saa 10 mara volti 3.7) ndani ya seli zake, na baada ya upotevu wa kupandisha volteji unaweza kutegemea kama 31. Kifaa cha miliampea 20 kwa volti 5 hutumia wati 0.1, maana yake kingeweza kuishi karibu siku 13. Ukikiongezea rezista hiyo, matumizi yanapanda hadi wati 0.63 na muda unashuka hadi siku 2. Umeme mwingi unakuwa umeutumia kupasha joto rezista, na kifaa chenyewe kimepata sehemu ndogo tu.

Kwa sababu hiyo siipendekezi rezista inayovuta mkondo wakati wote. Chipu husubiri sekunde kadhaa kabla ya kuzima, na subira hiyo ndiyo ya kutumia: badala ya mzigo wa kudumu, mpe mpigo mfupi wa mkondo kila baada ya muda, na kila mpigo utaanzisha hesabu yake upya. Unganisha rezista ileile ya omu 47 kupitia transista (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme) ya kawaida ya NPN kama 2N2222, kisha uiendeshe transista hiyo kwa pini moja ya maikrokontrola kupitia rezista ya omu 470 hivi. Mpigo wa nusu sekunde kila baada ya sekunde kumi huongeza wastani wa miliampea 5 tu, na kwa hesabu ileile kifaa chako kitaishi takriban siku 10. Hizo ni hesabu za upande wa matumaini, kwa kuwa mkondo unaotoka ukiwa mdogo, umeme unaoliwa na saketi ya kupandisha volteji yenyewe huwa sehemu kubwa zaidi ya matumizi yote.

Urefu wa mpigo na nafasi kati ya mpigo na mpigo hutegemea chipu uliyo nayo, na njia ya kuvijua ni kujaribu. Anza na mpigo wa sekunde moja kila baada ya sekunde tano, ambao pawabenki nyingi huukubali, kisha uurefushe muda wa kati hatua kwa hatua hadi pawabenki izimike, halafu urudi nyuma na kuacha akiba ya kutosha. Usiweke vipimo pale pale penye ukingo, maana kiwango cha chipu hubadilika kidogo kadiri joto na chaji ya seli zinavyobadilika. Ikiwa kifaa chako kinatumia maikrokontrola ya ATmega328P na kinalala kati ya vipimo, kumbuka kwamba saa yake ya ulinzi (watchdog timer) inaweza kukiamsha baada ya sekunde 8 kwa upeo, muda ambao kwa pawabenki nyingi unatosha kutoa mpigo na kurudi usingizini.

Swali: Pawabenki yangu imeandikwa miliampea-saa 20,000, na kifaa changu kinatumia miliampea 200. Nilitarajia saa 100, lakini kinazimika baada ya saa sitini na kidogo. Je, maandishi hayo ni ya uongo?

Jibu: Maandishi yako sahihi, ila yanapima kitu tofauti na ulichokihesabu. Miliampea-saa 20,000 ni za seli kwenye volti 3.7, ilhali miliampea 200 za kifaa chako zinatoka kwenye volti 5. Vipimo hivyo viwili haviwezi kugawanywa moja kwa moja mpaka volteji ziingie kwenye hesabu, na ndiyo maana nawashauri wasomaji waachane na miliampea-saa na kuhesabu kwa wati-saa. Zidisha 20 kwa 3.7 upate wati-saa 74. Kifaa chako kinatumia wati 1. Toa asilimia 15 hivi inayopotea katika kupandisha volteji, na utabaki na saa 63, ambazo ndizo ulizozipata. Ukiigeuza pawabenki yako na kusoma maandishi madogo ya nyuma, huenda utakuta kipimo cha pili, kidogo kuliko kile cha mbele, kilichotajwa pamoja na volti 5. Hicho ndicho kinachokuhusu.

Hata hivyo, uongo wa kweli upo sokoni, na mizani ya jikoni inatosha kuufichua. Seli ya silinda ya aina ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na zilizo bora katika aina hiyo hufikia takriban miliampea-saa 3,500. Pawabenki ya kweli ya 20,000 iliyojengwa kwa seli hizo inahitaji zisizopungua sita, yaani zaidi ya gramu 270 kabla hujahesabu kasha na saketi. Seli bapa nazo hazitofautiani sana kwa uzito. Ukikuta boksi lililoandikwa 50,000 na uzito wake haupiti ule wa simu, hapo hapahitajiki multimita kujua ukweli.

Swali: Nataka kuweka mahali pa mbali kifaa cha kupima joto la hewa chenye chipu ya ESP8266, kinachoamka kila baada ya dakika 15, kutuma kipimo kwa Wi-Fi, kisha kulala. Nimesoma kuhusu mbinu ya kutoa mipigo ili pawabenki isizimike. Je, kwa njia hiyo naweza kufikisha miezi miwili bila kuchaji?

Jibu: Hapa nitakushauri uachane na pawabenki kabisa, na hesabu itakuonyesha sababu. Tuchukulie kwamba kila kikiamka kinakaa macho sekunde 5 na kutumia wastani wa miliampea 100. Kwa siku kitaamka mara 96, jumla ya sekunde 480, na kutumia kama miliampea-saa 13. Ukiwa katika usingizi mzito, chipu yenyewe hutumia mikroampea 20 hivi, ambazo kwa siku hazifiki hata nusu miliampea-saa. Kwa hiyo kazi yote ya siku inagharimu miliampea-saa 14. Mipigo ya kuifanya pawabenki isilale, yenye wastani wa miliampea 5, itagharimu zaidi ya miliampea-saa 120 kwa siku, na juu yake kuna umeme unaoliwa na saketi ya kupandisha volteji inayowaka saa 24. Utakuwa unailisha pawabenki mara tisa ya unavyokilisha kifaa chako, ili tu iendelee kuamini kwamba kuna mtu.

Kifaa kinacholala karibu muda wote kinafaa kupewa seli moja ya lithiamu moja kwa moja, bila kupandisha volteji hadi 5 na kuishusha tena hadi 3.3. Seli moja nzuri ya miliampea-saa 2,500 ingeweza kukiendesha kifaa cha namna hiyo karibu miezi minne hata ukikata theluthi nzima kwa tahadhari. Kwa kuchajia, moduli ndogo yenye chipu ya TP4056 inatosha, ila nunua ile iliyounganishwa na saketi ya ulinzi, ambayo hutambulikana kwa kuwa na chipu mbili ndogo za ziada na sehemu tofauti za kuunganisha seli na mzigo. Moduli hiyo kwa kawaida hupangwa kuchaji kwa ampea 1, kiasi ambacho ni kikubwa mno kwa seli ndogo bapa. Kuipunguza unabadilisha rezista moja tu. Ulinzi wake hukata umeme seli ikiwa imeshashuka hadi karibu volti 2.4, jambo linaloikoa dhidi ya hatari lakini haliitunzi, kwa hiyo andika programu yako ipime volteji na iende kulala bila kuamka tena ikifika volti 3.2.

Tatizo ambalo huwaangusha wengi liko kwenye bodi yenyewe. Ile ESP8266 inayouzwa ikiwa juu ya bodi ya majaribio huambatana na taa ya LED isiyozimika, chipu ya kuwasiliana na kompyuta kwa USB, na mara nyingi regileta (chipu ya kuituliza volteji katika kiwango kimoja) ya aina ya AMS1117 ambayo peke yake hula miliampea 5 hivi hata kama chipu imelala. Hesabu ya mikroampea 20 inafutika hapo hapo. Tumia moduli tupu isiyo na bodi, uipe umeme kupitia regileta inayokula mikroampea chache tu kwa ajili yake yenyewe, kama MCP1700, na uweke kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya mikrofaradi mia kadhaa karibu na chipu ili ihimili kilele cha mkondo wakati wa kutuma, kwa kuwa regileta hiyo imekadiriwa miliampea 250. Kisha pima mkondo wa usingizi kwa multimita kabla ya kukipeleka kifaa huko mbali.

Swali: Je, siwezi kuifungua pawabenki niliyo nayo na kuunganisha waya kwenye seli zake ili kuepuka saketi inayojizima?

Jibu: Inawezekana, lakini sishauri. Makasha mengi hugandishwa kwa gundi, na bisibisi inayopenya kwa nguvu inaweza kutoboa seli bapa, ambayo ikitobolewa huweza kuwaka moto ndani ya sekunde chache. Isitoshe, katika pawabenki nyingi ulinzi wa seli umo kwenye bodi ileile ya udhibiti, kwa hiyo ukichukua umeme moja kwa moja kwenye seli utakuwa umeuruka ulinzi huo bila kujua. Kununua seli moja yenye ulinzi wake ni njia fupi na salama zaidi.

Swali: Kompyuta yangu ndogo ya Raspberry Pi inaonyesha alama ya radi kwenye kioo na wakati mwingine inajiwasha upya, ingawa pawabenki imeandikwa ampea 2.4. Nibadilishe pawabenki?

Jibu: Badilisha kebo kwanza. Alama hiyo huonekana volteji inapoanguka chini ya takriban 4.63, na mara nyingi mwizi wa volteji ni waya mwembamba. Kebo nyingi za bei nafuu zina nyaya za umeme za kipimo cha 28 kwa mizani ya AWG (namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba), ambazo kila mita moja ina ukinzani wa omu 0.21 hivi, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, kebo ya mita moja ina omu 0.43. Ukivuta ampea 1 unapoteza volti 0.43, na volti 5 zilizotoka kwenye pawabenki zinafika zikiwa 4.57. Kebo fupi, isiyozidi sentimita 30, yenye nyaya nene za kipimo cha 20 au 22, huondoa tatizo hilo mara nyingi. Ikiwa pawabenki ina matundu mawili, hakikisha pia kwamba hizo ampea 2.4 si jumla ya yote mawili. Kwa Raspberry Pi 4, ambayo chaja yake rasmi hutoa volti 5.1 na ampea 3, pawabenki ya ampea 2.4 itatosha kazi nyepesi lakini itashindwa ukichomeka diski ya USB.

Swali: Nimenunua bodi yenye tundu la USB-C. Kwa kebo ya zamani, yenye kichwa kipana upande mmoja, inawaka. Kwa kebo yenye USB-C pande zote mbili haiwaki kabisa.

Jibu: Tundu pana la USB-A likishawaka hutoa volti 5 kwa chochote kilichochomekwa, lakini tundu la USB-C halitoi umeme mpaka litambue upande wa pili rezista ya omu 5,100 iliyounganishwa kati ya pini ya CC (pini ya utambuzi ndani ya tundu hilo) na upande wa hasi. Mbunifu wa bodi yako hakuziweka rezista hizo. Endelea kutumia kebo ya zamani, au, ikiwa mikono yako imezoea kulehemu vitu vidogo, weka rezista mbili, moja kwa kila pini ya CC. Usiziunganishe pini hizo mbili kwenye rezista moja, kwa sababu baadhi ya kebo zitakataa.

Swali: Ningependa kuifanya pawabenki iwe akiba ya umeme kwa kifaa changu: ichomekwe kwenye chaja wakati wote, na umeme ukikatika kifaa kiendelee. Je, ni salama?

Jibu: Kwanza pawabenki yako inapaswa kuwa na uwezo wa kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja, na nyingi hazina. Zilizo nao, baadhi hukatiza umeme wa upande wa kutoka kwa sehemu ya sekunde kila chaja inapowaka au kuzimika. Simu haijali jambo hilo, lakini maikrokontrola itaanza upya, na kompyuta ndogo inayoandika kwenye kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibu mafaili yake. Jaribu kwa kuchomoa na kuchomeka chaja mara kumi huku ukitazama kama kifaa kinaanza upya. Mkatizo ukiwa mfupi mno, kapasita ya mikrofaradi 1,000 au zaidi inaweza kukivusha kifaa kinachotumia miliampea chache, ila kapasita kubwa kupita kiasi itaifanya pawabenki idhani kuna shoti wakati wa kuwaka na kujizima.

Hata pale inapofanya kazi, sioni kuwa ni mpango mzuri wa miaka. Seli ya lithiamu inayowekwa imejaa pomoni wakati wote, tena katika joto la kuchajiwa, huzeeka haraka kuliko ile inayokaa nusu. Kwa kazi ya kudumu ziko moduli zilizoundwa mahsusi kuwa akiba ya umeme, ambazo hazikatizi na hukipa kifaa taarifa kwamba umeme wa ukutani umekatika ili kijizime kwa utaratibu.

Swali: Vipimo vya kihisi changu cha analogia vinarukaruka nikitumia pawabenki, lakini vinatulia nikitumia betri za kawaida.

Jibu: Saketi ya kupandisha volteji hufanya kazi kwa kuwasha na kuzima mkondo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo juu ya zile volti 5 hubaki mawimbi madogo ya makumi ya milivolti. Ikiwa maikrokontrola inatumia volti hizohizo 5 kama rula ya kupimia, rula yenyewe inatikisika. Tumia rejeleo (yaani rula) la ndani la volti 1.1 ikiwa chipu yako ni ATmega328P na ishara ya kihisi haivuki kiwango hicho, au umpe kihisi na rejeleo umeme kutoka kwenye regileta ndogo ya volti 3.3. Chukua vipimo 16 na kuvitafutia wastani, na kama unatoa mipigo ya kuizuia pawabenki isilale, usipime wakati mpigo unaendelea.

Swali: Je, pawabenki yenye paneli ya jua mgongoni itaweza kuendesha mradi wangu wa nje milele?

Jibu: La. Paneli yenye ukubwa wa kiganja hutoa kama wati 1 juani kabisa, na pawabenki ya wati-saa 37 ingehitaji zaidi ya saa 40 za jua kali ili kujaa. Baya zaidi ni kwamba ili paneli ipate jua, seli nazo zinapaswa kukaa juani, ilhali seli za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45 za Selsiasi, na kasha jeusi lililo juani huvuka hapo kwa urahisi. Nunua paneli iliyo peke yake, uiweke juani, na uache betri kivulini.

Swali: Nasafiri kwa ndege na kifaa nilichokiunda pamoja na pawabenki yake. Nizingatie nini?

Jibu: Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, inapaswa kuwa kwenye begi la mkononi. Kiwango kinachoruhusiwa bila kuomba kibali ni wati-saa 100, sawa na miliampea-saa 27,000 kwa volti 3.7, na kati ya wati-saa 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Kwa kuwa wakaguzi huangalia maandishi, pawabenki iliyofutika maandishi inaweza kuzuiwa hata ikiwa ndogo. Itenganishe na kifaa, uzibe matundu yake yasiguswe na chuma, na usiache nyaya zikining'inia kwenye bodi isiyo na kasha, maana kazi ya kuwaeleza maofisa waya huu ni wa nini na ule ni wa nini itakuchukulia muda ambao huna. Ukikuta imevimba, hata kidogo, isisafiri nawe wala isichajiwe tena: ipeleke panapopokelewa betri chakavu, na wakati wa kusubiri iwekwe mahali pasipo na kitu kinachoweza kushika moto.